Stoo ya Mhariri wa Video Kigoma: Nini cha Kupakua, Wapi, na kwa Utaratibu Gani

Mhariri wa video wa Kigoma anashika kazi zilezile anazoshika mwenzake wa Dar es Salaam: harusi na sendofu, video za kwaya, filamu fupi za mashirika yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo, matangazo ya maduka ya Mwanga, na mara mojamoja picha za ziwani au za sokwe wa Gombe. Programu anazozihitaji ni zilezile, na nyingi ni za bure. Kinachomsumbua ni kuzifikia. Bando linaisha faili likiwa limefika asilimia 80, umeme unakatika katikati ya kurenda (kompyuta inapotengeneza video ya mwisho), na mteja wa Dar anataka GB 100 kesho kutwa.

Kwa hiyo hapa hatutaji tovuti tu. Tunajenga stoo: vitu vya mtandaoni unavipakua mara moja, unavihakiki, unavihifadhi pamoja na leseni zake, halafu kazi ya kila siku unaifanya hata mtandao ukiwa umelala.

Anza na diski

Tafuta diski ya nje ya TB 1, iwe SSD kama mfuko unaruhusu. Ukitumia Windows peke yake, ifomati kwa NTFS, kwa sababu hiyo hutunza kumbukumbu ya kinachoandikwa na huvumilia umeme kukatika kuliko exFAT. Kama diski itapita kwenye Mac na Windows, tumia exFAT na uwe makini kuitoa salama kila mara. FAT32 usiiguse kwa stoo: haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video nyingi huvuka hapo.

Tengeneza folda hizi, majina bila nafasi: PROGRAMU, VITABU, MUZIKI, MILIO, FONTI, LUT, LESENI, MIRADI. Folda ya LESENI wengi huiruka, kisha huitafuta kwa machozi siku video ya mteja inapodaiwa.

Unapohamisha memori kadi ya kamera, nakili kadi nzima na folda zake zote kama zilivyo. Usichomoe faili za video peke yake. Kamera nyingi hukata klipu ndefu vipande vipande na kuweka maelezo ya kuviunganisha kwenye folda nyingine. Ukizitenganisha, programu itaviona kama klipu tofauti, na pale vinapokutana utasikia sauti inaruka. Hotuba ya baba wa bibi harusi ndiyo huwa ndefu kuliko zote, basi mruko nao huangukia hapo. Usifute kadi mpaka nakala ziwe 3, kwenye vifaa 2 tofauti, na 1 iwe imelala nyumba nyingine.

Programu za kupakua kwanza

DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ndiyo tunayoiweka mbele kwa kompyuta yenye RAM ya GB 16 au zaidi na kadi ya picha inayoeleweka. Toleo la bure linakata, linarekebisha rangi, linachanganya sauti na kutoa video hadi 3840 kwa 2160 kwa fremu 60, bila nembo juu yake. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja. Kama utatumia sana sehemu ya Fusion, yaani michoro na athari za kuunganisha picha, RAM iwe GB 32.

Kuipakua:

1. Ingia kwenye tovuti ya Blackmagic Design, sehemu ya usaidizi wa DaVinci Resolve. Usiitafute kwa matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya Google. Huko kuna kurasa bandia.
2. Chagua mstari wenye jina "DaVinci Resolve" bila neno Studio. Wengi hupakua Studio, zaidi ya GB 2, kisha inawaomba namba ya leseni.
3. Fomu ya usajili ikitokea, kuna kiungo cha "Download only" kinachokupitisha bila kuijaza.
4. Tumia programu ya kupakulia inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, kama Free Download Manager, na uifanye kazi hiyo wakati mtandao umetulia. Kama mtandao wako una bando la usiku, hapo ndipo mahali pake.
5. Faili la usakinishaji lihifadhi kwenye folda ya PROGRAMU hata baada ya kusakinisha. Kompyuta ikifa, hutaanza upya.

Kompyuta ya RAM GB 8 usiilazimishe Resolve. Kdenlive na Shotcut ni za bure kabisa, ni ndogo, na zote mbili zinajua kutumia proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuhariria. Harusi nzima inakatwa humo bila tabu.

Kisha vifaa vidogo vya mfukoni. MediaInfo inakuambia faili limerekodiwaje. HandBrake na Shutter Encoder zinabadilisha miundo. LosslessCut inakata faili refu bila kulirenda upya. Audacity ni ya sauti, Subtitle Edit ya maandishi ya chini, VLC ya kuangalia kila kitu, na 7-Zip ya kufunga na kugawa mafaili. Kila moja pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wake, na uhakiki. Mwezi Mei 2017 mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na kwa siku kadhaa watumiaji wa Mac walipakua faili lenye programu ya kudukua ndani yake. Waliolinganisha namba ya uhakiki waligundua. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili na uandike:

certutil -hashfile jina_la_faili.exe SHA256

Mstari mrefu wa herufi na namba utakaotokea ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa faili.

Kuhusu programu zilizovunjwa leseni zinazozunguka kwa flashi: ziache. Mbali na sheria, kisakinishi kilichoguswa na mtu usiyemjua kinaingia kwenye kompyuta yenye picha za harusi za watu na akaunti zako za malipo. Na siku mradi unapogoma kufunguka, hakuna wa kumuuliza.

Vitabu na mafunzo

Ukurasa wa mafunzo wa Blackmagic una vitabu vizima vya PDF vya bure: cha wanaoanza, cha kuhariri, cha rangi, cha sauti, cha Fusion, kila kimoja na mafaili yake ya mazoezi. PDF zote zipakue leo. Mafaili ya mazoezi ni mazito, hivyo chukua ya kitabu kimoja unachokisoma, ukimalize, kisha uende kingine. Kitabu cha marejeo cha Resolve, chenye kurasa zaidi ya 3,000, kimo ndani ya programu yenyewe kwenye menyu ya Help, hakihitaji bando.

Pakua pia orodha ya kodeki (mifumo ya kubana video) zinazofunguka, ambayo Blackmagic huitoa kwa PDF kila toleo. Ni karatasi kavu, lakini inaokoa siku nzima. Kamera za kisasa hurekodi H.265 au H.264 ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, na toleo la bure halifungui kila aina ya hizo. Dalili yake ni kusikia sauti huku picha ikiwa haipo, au kibandiko chekundu cha "Media Offline". Hapo faili halijaharibika. Angalia orodha, kisha badilisha video kuwa DNxHR, kodeki iliyo rahisi kuhariri, kwa Shutter Encoder. Kwenye Linux mipaka ya toleo la bure ni mikali zaidi, kuanzia H.264 hadi sauti ya AAC.

Kwa anayetumia Premiere Pro, Adobe hutoa bure PDF ya utaratibu wa kazi ndefu na za mfululizo. Isome hata kama huitumii Premiere, kwa jinsi inavyopanga folda na makabidhiano kati ya wahariri.

LUT za kamera, yaani mafaili ya kugeuza rangi za video, chukua kwa mtengenezaji wa kamera: Sony, Panasonic, Canon na DJI wanazitoa bure kwenye tovuti zao. Hakikisha jina linalingana na ulivyorekodi. LUT ya D-Log ukiiweka juu ya video ya D-Log M (mifumo miwili tofauti ya rangi ya DJI), anga la Ziwa Tanganyika linageuka rangi ya kutu, na utahangaika kulirekebisha kumbe kosa ni la faili.

Pima video kabla ya kuigusa

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za hapa huharibikia.

Simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizo sawasawa. Mwanga ukipungua ukumbini, simu inapunguza fremu. Mwanga ukirudi, inaongeza. Programu za kuhariri zinapenda hesabu isiyobadilika. Matokeo yake dakika ya kwanza midomo na sauti viko pamoja, ya 20 MC anasema "makofi" na mdomo wake umeshafungwa. Ukisogeza sauti kwa mkono unatibu mahali pamoja na kuharibu pengine.

Fungua kila klipu ya simu kwa MediaInfo, nenda sehemu ya video, tazama palipoandikwa "Frame rate mode". Ikiandikwa "Constant", endelea. Ikiandikwa "Variable", ipitishe HandBrake kwanza:

1. Buruta faili ndani ya HandBrake, chagua mpangilio wa "Production Standard".
2. Kwenye video, chagua "Constant Framerate" na uweke namba iliyo karibu na ya klipu yenyewe. Simu nyingi ni 30.
3. Ubora, ile namba ya RF, uweke 16. Namba ikipungua ubora unapanda na faili linanenepa.
4. Sauti iwe 48 kHz.
5. Toa, kisha angalia mwisho wa klipu, siyo mwanzo. Mwanzo huwa sawa siku zote.

Sasa swali la 25 au 30. Televisheni zetu hufuata fremu 25, na umeme wetu ni Hz 50. Kama kazi inaenda kwenye kituo cha televisheni, kubalianeni na mpiga picha tangu mwanzo: kamera iwe 25, shata iwe 1/50 au 1/100. Taa za ukumbini zinazopepesa zinatokana na shata ya 1/60 chini ya umeme wa Hz 50, na kuiondoa wakati wa kuhariri ni kazi ngumu isiyoisha vizuri. Lakini kama kila klipu tayari ni 30 na kazi inaenda YouTube na WhatsApp, baki na 30. Kuigeuza kuwa 25 ni kutupa fremu 5 kila sekunde, na mwendo wa kamera utaonekana kushtuka.

Kwenye Resolve fremu za taimulaini zinawekwa kwenye "Project Settings" kabla ya kuingiza klipu hata moja. Ukishaingiza, namba ya mradi inajifunga. Ni kosa la sekunde 5 linalokurudisha mwanzo wa mradi mpya.

Proksi

Video ya 4K ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) inakula GB 45 kwa saa. Lakini kinachoikwamisha laptopu ni jinsi H.264 na H.265 zinavyobanwa zaidi kuliko ukubwa wenyewe: fremu nyingi hazijitoshelezi, kompyuta inabidi ifungue fremu za jirani ili kuonyesha moja. Proksi ni nakala nyepesi ambayo kila fremu inasimama yenyewe.

1. Kwenye "Project Settings", sehemu ya "Master Settings", shuka mpaka mipangilio ya proksi. Chagua "Quarter" kwa video ya 4K, "Half" kwa ya 1080. Kodeki iwe DNxHR LB.
2. Elekeza folda ya proksi kwenye diski ya nje, siyo kwenye diski ya Windows. Diski ya mfumo ikijaa, Resolve inaanguka.
3. Chagua klipu zote kwenye hazina ya klipu ("Media Pool"), bonyeza kitufe cha kulia, "Generate Proxy Media". Iache ifanye kazi usiku, laptopu ikiwa kwenye chaji na kuzima kwake kwenyewe kumezuiwa.
4. Menyu ya "Playback", kisha "Proxy Handling", chagua "Prefer Proxies".
5. Wakati wa kurekebisha rangi rudi kwenye video halisi. Wakati wa kutoa, hakikisha chaguo la kutumia proksi halina alama ya tiki. Likiwa nayo, mteja atapata harusi yenye ukungu.

Ingia pia kwenye "Preferences", upande wa "User", sehemu ya kuhifadhi mradi, uwashe "Live Save" na "Project Backups". Umeme ukikatika unapoteza sekunde, na mradi ukiharibika unarudi kwenye nakala ya dakika chache zilizopita. UPS ndogo kwa kompyuta ya mezani ni ya lazima. Kazi yake ni kukupa muda wa kuzima vizuri, usitegemee kurendia juu yake.

Muziki, milio na picha za watu wengine

Neno "bure" mtandaoni lina maana nyingi, na leseni ndiyo inayosema ni ipi. Jifunze alama hizi za Creative Commons, zinatosha kwa kazi nyingi. CC0: tumia unavyotaka. BY: tumia, mtaje mwenye kazi. SA: ukitengeneza kitu kutokana nayo, kitu hicho nacho kibebe leseni hiyohiyo. NC: siyo kwa biashara, na harusi uliyolipwa ni biashara. ND: usiibadilishe. Hapa wengi huteleza: kwa muziki, kuulinganisha na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Wimbo wenye ND hauwekwi kwenye video, hata ukimtaja msanii mara 10.

Kwa muziki, anza na maktaba ya sauti iliyo ndani ya YouTube Studio. Unahitaji tu kuwa na chaneli. Chuja nyimbo zisizodai kutajwa, pakua 30 au 40 za aina tofauti, kila moja na picha ya skrini inayoonyesha leseni na tarehe uliyopakua, uiweke kwenye folda ya LESENI kwa jina lilelile la wimbo. Free Music Archive ina nyimbo nzuri, lakini leseni hutofautiana wimbo kwa wimbo; usipakue albamu nzima kwa kutazama leseni ya wimbo mmoja.

Kwa milio, Freesound ina kila kitu, na inakuruhusu kuchuja CC0 peke yake. Tumia kichujio hicho. BBC imefungua ghala lake kubwa la milio, ila matumizi ya bure ni ya binafsi, ya elimu na ya utafiti. Kwa kazi ya kulipwa lazima ununue leseni. Xeno-canto ni hazina ya sauti za ndege, lakini rekodi nyingi ni za NC. Na kwa video ya huku, milio bora haiko mtandaoni kabisa: mawimbi ya Kibirizi alfajiri, injini ya boti ikiwaka, dagaa wakigeuzwa juani, soko la Ujiji. Rekodi dakika 2 za kila mahali bila mtu kuongea, maiki ikiwa na manyoya ya kuzuia upepo, maana upepo wa ziwa ukigonga maiki tupu hakuna programu itakayouondoa vizuri. Baada ya miezi 6 utakuwa na maktaba ambayo hakuna tovuti inayoiuza.

Kwa picha za video, Pexels na Pixabay zinaruhusu biashara bila kumtaja mpiga picha. Kasoro yake ni kwamba ukitafuta "soko la Afrika" utaletewa nchi nyingine, na mtazamaji wa Kigoma atagundua kwa sekunde moja. Zitumie kwa mawingu, mikono, maji, siyo kwa mahali.

Ukitengeneza filamu ya historia, Wikimedia Commons ndiyo pa kuanzia. Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka humo picha zaidi ya 80,000, zikiwamo za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Anayefanya kazi juu ya reli ya kati iliyofika Kigoma 1914, au meli ya Liemba iliyoundwa Papenburg, atafute humo kwa majina ya Kijerumani ya wakati huo, kwa mfano "Deutsch-Ostafrika". Leseni yake ni BY-SA, hivyo namba ya picha na jina la hifadhi viandikwe mwishoni mwa filamu. Ramani za kuhuisha chukua Natural Earth, ni mali ya umma. OpenStreetMap ina barabara hadi za vijijini, na inadai itajwe.

Nyimbo za bongofleva ni habari nyingine. Wimbo uliopigwa ukumbini ukaingia kwenye maiki yako bado una mwenyewe. Ukipakia YouTube, mfumo wa Content ID huutambua hata video ikiwa imewekwa ionekane kwa wenye kiungo tu. Dai la Content ID siyo onyo la kufungiwa: mara nyingi mapato ya matangazo huenda kwa mwenye wimbo, au video huzuiwa nchi fulani. Onyo la hakimiliki ni jingine, na ukipata 3 ndani ya siku 90 chaneli iko hatarini kufungwa. Wakati wa kupakia subiri hatua ya "Checks" imalize kabla ya kuitangaza video. Kwa tangazo la biashara hakuna njia ya mkato: pata ruhusa ya mwenye wimbo kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ndiyo inayotawala, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza.

Maandishi ya chini

Mashirika huyadai, hasa pale wanaohojiwa wanapozungumza Kiha au Kirundi na ripoti inakwenda kwa wasomaji wa Kiingereza au Kifaransa. Subtitle Edit inaweza kutumia Whisper, mfumo wa OpenAI wa kugeuza sauti kuwa maandishi, ndani ya kompyuta yako bila mtandao. Mara ya kwanza tu inapakua modeli: ndogo, "small", ni karibu MB 470, "medium" ni GB 1.5. Kwa Kiswahili tumia "medium" kama kompyuta inaiweza. Kiha hakimo kabisa kati ya lugha zake. Ukiilazimisha itakuandikia Kiswahili cha kubuni chenye kuonekana sahihi, na hilo ni hatari kwenye ushuhuda wa mtu. Kwa Kiha kaa na mzungumzaji, umlipe, na umtaje.

Hata kwa Kiswahili, sikiliza mstari kwa mstari. Whisper hukosea majina ya vijiji na ya watu, na palipo na muziki au kimya hupenda kurudia sentensi moja mara nyingi.

Mwongozo wa maandishi ya chini wa Netflix uko wazi mtandaoni, na ni kipimo kizuri: mistari isizidi 2, kila mstari herufi 42, andiko lisikae chini ya sekunde moja hivi wala kuzidi sekunde 7. Maneno yetu ni marefu, "hatukuwasikiliza" peke yake ni herufi 16, kwa hiyo fupisha maana badala ya kubana fonti. Vunja mstari kabla ya "kwa sababu", "lakini" au "ambao", usimwache kiunganishi akining'inia mwishoni. Faili la SRT, yaani la maandishi ya chini, huonekana hivi:

1
00:00:04,000 --> 00:00:07,200
Maji yalipanda usiku,
tukahamisha watoto kwanza.

Kati ya sekunde na sehemu zake ni mkato, siyo nukta. Ukiweka nukta baadhi ya programu hulikataa faili. Hifadhi kwa UTF-8. Fonti uliyochagua ijaribu kwa "ng'ombe" na "ng'ambo" kabla ya kuanza, kwani fonti nyingi za mapambo hazina alama ya ritifaa (') na huacha kisanduku kitupu.

Kutoa na kutuma

Kwa YouTube, mapendekezo yao wenyewe kwa 1080 ya fremu 24 hadi 30 ni Mbps 8, MP4, H.264, sauti AAC ya 48 kHz. Hiyo ni karibu MB 60 kwa dakika, MB 600 kwa dakika 10. Sauti iweke karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele kisipite -1 dB. YouTube hushusha iliyozidi lakini haipandishi iliyo chini. Televisheni wakifuata EBU R128, kanuni ya sauti ya watangazaji wa Ulaya, ni -23 LUFS, uliza kabla. Resolve ina kipimo ndani ya Fairlight, sehemu yake ya sauti, na kwa programu nyingine Youlean Loudness Meter ina toleo la bure.

Sasa piga hesabu ya kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Kwa Mbps 2, MB 600 zinachukua dakika 40. Mtandao ukikatika, YouTube hukuruhusu kuendelea ndani ya saa 24 ukichagua faili lilelile. Lakini GB 100 za video ghafi kwa kasi hiyo ni zaidi ya siku 4 bila kukatika. Hapo usipambane. Proksi zipeleke kwa mtandao usiku wa leo, diski yenye video halisi iende na basi. Mhariri wa Dar ataanza kukata na proksi, na diski ikifika ataziunganisha na video halisi, mradi majina ya mafaili na taimukodi (namba ya muda ya kila fremu) havikuguswa.

Faili kubwa la kwenda kwa mtu mmoja ligawe kwa 7-Zip: kiwango cha kubana "Store", kwa sababu video haibaniki zaidi, na vipande vya 500M. Kimoja kikikwama unarudia hicho tu. Google Drive inakupa GB 15 bure, Dropbox GB 2. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, hadi GB 2. Ukituma kama video ya kawaida itabanwa.

Kwa marekebisho ya mteja usitume video nzito. Washa "Data Burn-In" kwenye menyu ya "Workspace" ili muda uandikwe juu ya picha, toa ya 720 kwa Mbps 1.5, dakika 10 ni kama MB 112. Mteja atakuambia "pale 04:12:10 mtoe shangazi" na utajua ni wapi. Frame.io inafanya hivyo kwa ustadi zaidi, maoni yakikaa juu ya fremu yenyewe, ila wote wawili mnahitaji mtandao mzuri kwa wakati mmoja.

Familia nyingi bado hutaka flashi ya kuchomeka kwenye TV, na TV za zamani husoma FAT32 peke yake. Harusi ya saa 2 kwa Mbps 8 ni GB 7.2, haitaingia. Igawe vipande vya dakika 60 au chini, kila kimoja hakitafika GB 4, na uvikate penye utulivu, kwa mfano kabla ya chakula. Tumia H.264, siyo H.265, kwa sababu TV nyingi zitaonyesha jina la faili na kukataa kulicheza. Anza majina kwa 01, 02, 03 ili yafuatane. Kabla ya kukabidhi, chomeka flashi kwenye TV ya kawaida na ucheze dakika ya mwisho ya kila kipande.